Chuma Nilichokificha Chini ya Kitanda

Mwanangu Tima,

Barua ya heshima huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Nakusikia hapo sebuleni ukibishana na mama yako juu ya ile sufuria kubwa ya pilau. Yeye anataka uichukue, wewe unamwambia haitatosha kwenye karavani. Utashindwa. Nimeishi na mama yako miaka thelathini na sijawahi kumshinda kwenye jambo la sufuria. Ndiyo maana nimekimbilia huku nyuma, kwenye kibanda changu cha vyuma, nimekalia ndoo ya rangi na karatasi iko juu ya goti. Mwandiko ukipinda, usiulaumu uzee.

Mambo ya kufunga gesi, kula kwa wakati na kutomwamini kila anayekuita dada, mama yako amekwisha kukwambia, tena mara tatu kwa hesabu yangu. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo langu moja, na limenikaa kooni tangu leo alasiri uliponikumbatia.

Uliporudi na mifuko yako ya viungo ukakuta nimeshafunga kile chuma nyuma ya gari, ulitupa mifuko chini ukaja mbio. Ukasema, "Baba, we ni wa maana! Nilijua tu utaipata!" Wanjiru naye, huyu rafiki yako unayekwenda kuanza naye biashara ya chakula Naivasha, akapiga makofi. Mimi nikacheka kama mtu mwema. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, hakucheka.

Tima, kile chuma hakikupatikana leo. Kilikuwa chini ya kitanda changu kwa wiki tatu.

Ngoja nikueleze taratibu, maana najua ukikasirika husomi mpaka mwisho. Unakumbuka siku mlipoleta lile gari refu mlilonunua, nikalizunguka nikikuna kidevu. Nilikwambia karavani yetu, hiki kibanda cha magurudumu, ilizoea kuvutwa na gari dogo la chini. Nikakuonyesha boli, kile kibonge cha chuma cha mviringo nyuma ya gari ambacho karavani hukishika. Kwenye gari lenu kimekaa juu mno. Ukiifunga hivyo, pua ya karavani inanyanyuka, mkia unashuka, na uzito wote unakwenda kukaa nyuma. Mtaani mtakwenda vizuri tu. Mkishika mwendo, hasa kwenye mteremko, mkia utaanza kucheza, na ukianza kucheza hauulizi dereva ni nani. Dawa yake ni kipande cha chuma kilichopindwa kwenda chini, kama kidato kimoja cha ngazi, kinachoshusha boli mpaka karavani ikae sawa.

Ukaniuliza, "Utanitengenezea, Baba?" Nikakwambia nitatengeneza, ila chuma kizuri ni lazima kitafutwe.

Ni kazi ya siku moja. Chuma nilikuwa nacho hapa hapa kibandani, na kufikia siku ya pili adhuhuri nilikuwa nimekata, nimechomelea, nimepiga msasa na rangi nyeusi. Kizuri, nikisema mwenyewe. Kisha nikakifunga kwenye kanga kuukuu ya mama yako na kukisukuma chini ya kitanda, upande wangu wa ukutani. Uliporudi nikakwambia, "Bado, mama. Chuma ni shida siku hizi." Wiki ya pili nikakwambia hivyo hivyo, na wiki ya tatu ukaacha kuniuliza, ukawa unanitazama tu.

Nilijiambia kwamba nakulinda. Wewe unateremka bondeni kwenda Naivasha na barabara ile naijua, kwa hiyo baba mwenye akili angekuchelewesha. Maneno matamu hayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikikufungia. Niliona chumba chako kitupu, nikaona mimi na mama yako tukitazamana juu ya meza, nikasema chuma hiki hakitoki. Na kila siku kilipokaa pale chini nilizidi kushindwa kukitoa, maana ningekitoa nikaulizwa kilikuwa wapi. Nilitaka kukufungia wewe, nikajifungia mwenyewe humo humo.

Halafu ikaja Jumanne. Tulikuwa tunakula, ukasema bila hata kuinua macho kwenye sahani, "Baba, kama hiyo chuma haipatikani, wacha tu. Tumeamua tunaenda Ijumaa. Tutaweka magunia ya viazi huko mbele ya karavani, na Wanjiru atakaa ndani aibonyeze. Ni Naivasha tu, si mbali."

Wanjiru akasema, "Mimi niko sawa, mzee. Nitabeba mto nilale."

Mama yako aliacha kijiko mezani. Mimi nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Ulidhani nimepaliwa, ukaniletea maji. Sikuwa nimepaliwa, Tima. Nilikuwa nimesikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwako. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, ukiwa na miaka minne. Na aliyekaa ndani ya karavani kuibonyeza alikuwa mama yako, akiwa amekupakata wewe.

Hukuwahi kuambiwa. Sasa unaambiwa.

Karavani hii niliachiwa na mzee mmoja wa mtaa wa Karen niliyekuwa nikimfanyia kazi za geti na madirisha. Alikuwa anahama, akasema, "Bakari, ichukue, la sivyo kuku wataichukua." Ilikuwa imekaa kwake bustanini miaka mingi. Mimi na mama yako tukapanga kuileta Jamhuri, tuisimamishe kwenye uwanja wa maonyesho ile wiki ya maonyesho, tuuze pilau na mahamri. Tulikuwa tumefika Nairobi bila chochote ila mdomo wangu. Bibi yako, mama mkwe wangu, alikwisha kuwaambia watu kwao Kisauni kwamba huyu fundi wa Nairobi atakwenda kumtia binti yake kwenye debe. Nilitaka kumwonyesha.

Gari langu dogo liliharibika asubuhi hiyo hiyo. Nikaazima pikapu ya jirani, ndefu kama gari lenu. Tulipoifunga karavani, pua ikatazama mawingu. Fundi yeyote angesema simama, tafuta chuma, njoo kesho. Lakini vyombo na vitunguu vilikuwa vimeshapakiwa, nyama iko kwenye maji ya ukwaju, na maonyesho yanafunguliwa kesho yake. Nikamwambia mama yako, "Ingia ndani, ukae mbele kabisa na mtoto, mtaibonyeza. Si mbali."

Akaniuliza, "Na mlango? Mbona unafunguka wenyewe?"

Ni kweli, kitasa kilikuwa kimekufa. Basi nikatia komeo la nje, nikapachika kufuli, nikafunga. Ufunguo nikautia mfuko wa shati. Nilifunga mke wangu na mtoto wangu mmoja ndani ya debe, kisha nikapanda mbele nikapiga honi ya furaha.

Mpaka kwenye msitu wa Ngong Road tulikwenda vizuri. Pale kwenye mteremko nikaona kwenye kioo mkia umeanza kucheza, kidogo tu kwanza, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Nilipaswa kuachia mafuta taratibu na kulinyoosha gari. Nikakanyaga breki, na kwa nguvu. Karavani ikanipita upande, ikachomoka, ikaenda kulala ubavu mtaroni, mlango ukiwa juu unatazama mbingu.

Niliruka nje nikaanguka, nikainuka nikakimbia. Nikakusikia unalia, si kwa nguvu, kwa sauti iliyofunikwa. Nikatia mkono mfukoni. Ufunguo haukuwemo.

Unajua nilifanya nini? Fundi mzima, mwenye nyundo na mtaimbo kwenye pikapu hatua ishirini kutoka hapo? Nilipiga magoti nikaanza kupapasa nyasi. Nilitafuta ufunguo. Sijui niliutafuta muda gani, ila magoti ya suruali yalikuwa yamelowa. Nilikuwa nikisema, "Uko hapa, uko hapa," na wewe ulikuwa ukilia.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza miche kando ya barabara. Akaja na viatu vyake vya mpira na jembe mkononi.

"Baba, unatafuta nini hapo chini? Mtoto analia huku juu!"

"Ufunguo," nikamwambia. "Ufunguo wa kufuli."

"Kifunguo? Wewe unataka kifunguo ama unataka mtoto?"

Hakungoja nijibu. Alipanda juu ya ile karavani na viatu vyake vya matope, akapiga lile komeo kwa jembe mara tatu. Likaachia. Akaingiza nusu ya mwili wake ndani akatoka na wewe, kisha tukamvuta mama yako.

Sasa nikwambie kuhusu sufuria. Karavani ilipoanza kuyumba, mama yako aliona vyombo vinaanguka. Akaishika ile sufuria kubwa, ambayo ilikuwa imejaa vitunguu, akavimwaga, akakufunika nayo kichwa mpaka mabegani, halafu akalala juu yako. Jiko la chuma lilimwangukia yeye. Lile bega ambalo halipandi, hata ukawa unamfungia mtandio na bado unamfungia siku za Idi, halikuvunjika kwa kuanguka ngazi. Hakuna ngazi yoyote. Ngazi hiyo niliijenga mimi kwa mdomo.

Na wewe ulikuja ukaniuliza. Ulikuwa na miaka tisa au kumi. Ukaniambia, "Baba, kwani niliwahi kufungiwa mahali? Mimi huota giza, na harufu ya vitunguu." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nikakwambia kwamba mwalimu wako wa chekechea alikufungia stoo ya jikoni siku moja kwa sababu ulikuwa mtundu. Ilinitoka tu, na ukaridhika, nikashukuru Mungu. Mwalimu Rahabu hakuwahi kukufungia popote. Unakumbuka ulivyokuwa ukimwona pale kwenye duka la mkate unavuka barabara? Mpaka leo hujamwamkia. Yule mama aliniuliza mara moja, "Baba Tima, mtoto nilimkosea nini?" Nikamwambia watoto ndivyo walivyo. Ijumaa ukishaondoka nitakwenda kwake kwa miguu yangu. Sijui nitaanzaje, lakini nitakwenda.

Giza unaloliota si la stoo, mwanangu. Ni giza la ndani ya sufuria ya mama yako.

Nimekuona miaka hii yote. Ulipokuwa ukimpikia yule mama wa Kileleshwa, ghorofa ya saba, nilijua hupandi lifti. Ulisema ngazi ni mazoezi, na mimi nikasema vyema, mazoezi ni afya. Nimeona hufungi mlango wa chumba chako. Ulipoanza kuifufua hii karavani mwaka jana, ukaipaka rangi, ukaikatia dirisha la kuuzia, niliona umeweka jiwe kubwa mlangoni ili upepo usiufunge. Kila nilipopita niliona lile jiwe. Mara moja nililijongeza kwa mguu likae vizuri zaidi. Huo ndio msaada niliokupa.

Mama yako alinyamaza kwa sababu nilimwomba. Nilimwomba hospitalini, bega limefungwa, nikamwambia mama yake akijua nimekwisha. Alikubali, na sikuwahi kumuuliza amebeba vipi mzigo huo na bega moja. Nilidhani nimeomba siku chache, kumbe nilimwomba miaka ishirini.

Jana Jumatano alikuwa akikutafutia sanduku chini ya kitanda. Nikasikia ananiita kwa ile sauti ya chini ambayo wewe husema ni mbaya kuliko ya juu. Nikaenda. Amekaa sakafuni, ameifungua kanga, chuma kiko mapajani mwake.

"Baba Tima, hiki unakiatamia? Kitaangua lini?"

Nikaanza kusema sijui nini, kwamba barabara ni mbaya, kwamba mtoto bado mdogo.

"Mtoto ana miaka ishirini na minne," akasema. "Na jana amesema atamweka mwenzake mbele abonyeze. Umesikia au hukusikia?"

"Nimesikia."

"Basi mficha uchi hazai. Mimi nimekufichia vya kutosha. Kesho ufunge chuma hiki, na kabla mtoto hajawasha gari umwambie yote, kwa mdomo au kwa kalamu. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sitakusaza."

Nikamwambia, "Atanichukia."

Akasema, "Akuchukie akiwa mzima."

Nikakichukua chuma mapajani mwake, nikakileta huku kibandani.

Usidhani nakuandikia ili nikufundishe udereva. Unaendesha vizuri kuliko mimi. Kama kuna nililojifunza, nimelijifunza kwa kuchelewa na kwa gharama ya mifupa ya mtu mwingine: kila nilipoogopa, nilitafuta cha kufunga. Niliogopa mlango unaofunguka nikatia kufuli. Niliogopa maneno ya mama mkwe nikakufunga kwa uongo. Nikaogopa nyumba tupu nikafunga chuma ndani ya kanga. Na kila mara nilikuwa na sababu nzuri, hata sasa nikizisikiliza sababu zangu nazielewa. Ukiniona mtu mgumu wakati mwingine, mwenye kukukatiza maneno ukiuliza mambo ya zamani, haikuwa ukali. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango nikiushikilia kwa mgongo. Nimechoka, mama.

Sasa nikupe habari za leo. Wakati mko sokoni nilifunga kile chuma. Niliweka pimamaji juu ya sakafu ya karavani, kiputo chake kikakaa katikati kabisa. Sikukiamini, nikamimina maji kwenye sahani nikaiweka mezani, na hayakumwagika upande wowote. Magunia ya viazi yawekeni juu ya magurudumu, si mbele wala nyuma, na binadamu yeyote asikae ndani mkiwa njiani, hata Wanjiru na mto wake.

Halafu nilichukua msumeno nikakata lile komeo la nje. Ndiyo, ni lile lile, lenye alama tatu za jembe. Nilipoitengeneza karavani baada ya ajali nililigongagonga nikalirudisha, sijui kwa nini, labda kwa sababu chuma bado kilikuwa kizuri. Nimelikata mpaka kwenye mabati na kusugua mahali pake. Mlango nimeutia kitasa kipya kinachofunguka kwa ndani, hata nje kukiwa kumefungwa. Sikutaka kukwambia kinafanya kazi bila kujua. Basi niliingia, nikaondoa jiwe lako, nikajifungia, nikashusha na dirisha la kuuzia. Nikakaa pale mbele, mahali alipokaa mama yako.

Nilidhani nitakaa dakika mbili. Jasho lilinitoka, Tima. Nilikusikia unalia. Nilikaa mpaka nikaweza kuinua mkono, nikashika kitasa, kikafunguka mara ya kwanza. Jiwe nimelirudisha mahali pake. Kuliondoa au kuliacha ni shauri lako.

Sufuria uichukue. Mwambie mama yako umekubali, na usimwambie sababu, ataijua akiona uso wako.

Barua hii atakupa yeye asubuhi baada ya swala, kabla hujawasha gari. Nimemwomba hilo moja, nalo amelikubali. Kama ukimaliza kusoma hutaki kuniona, sitakulaumu wala sitakuja nyuma yako na maneno. Gari limeshafungwa, karavani imekaa sawa, geti nitakuwa nimelifungua. Nenda polepole bondeni, na mkia ukicheza achia mafuta, usikanyage breki kama mimi.

Mimi nitakuwa jikoni, mlango umefungwa ili ukitaka uondoke bila kunitazama. Sitatoka mpaka uniite.

Baba yako,
Bakari